Kumfumia Sweta Umpendaye



Kipupwe kimeingia. Hapa kwetu Mpitimbi, katika Wilaya ya Songea, miezi ya Juni na Julai huleta baridi ambayo jamaa zetu wa Lindi na Dar es Salaam hawaisadiki mpaka waje walale nasi usiku mmoja. Watoto wanaotujia chuoni asubuhi mapema hukaa wamejikunyata, mikono kwapani, na wakiambiwa waandike herufi, kalamu huwaponyoka kwa ganzi ya vidole. Kwa ajili hiyo mwezi huu, katika ukurasa wetu huu wa mambo ya nyumbani, tumependa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kumfumia sweta mtu umpendaye, awe mtoto, mume, mzazi au ndugu. Wasomaji wetu wa pwani, ambao hawana haja kubwa ya sweta, tafadhali wasiuruke ukurasa huu. Nao wana kofia zao, na tutazitaja.

Pengine msomaji atauliza: Kwa nini mtu ajisumbue kufuma kwa muda wa wiki tatu au nne, hali sokoni masweta ya mitumba yamerundikwa, tena kwa bei ndogo? Swali hili ni la haki, wala hatutalikimbia. Anayenunua sweta la mtumba akamvika mwanawe ametimiza wajibu wake, naye ana ujira wake kwa Mola wake inshaallah. Lakini sweta lile lilikatwa kwa kipimo cha mtu asiyejulikana, katika nchi ya mbali. Sweta la mkono hupimwa kwa mtu mmoja tu, ambaye mfumaji anajua urefu wa mikono yake, kazi zake na tabia zake. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo: ya kwamba kumfumia mtu ni kumjua kwanza, na asiyejishughulisha kumjua ampendaye hawezi kumfumia vazi likamkaa.

Dini yetu haikulidharau jambo la nguo. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba katika wanyama aliotuumbia mna vitu vya kututia joto. Na katika aya ya 80 ya sura hiyo hiyo zatajwa sufu, manyoya na nywele zao, ambazo twajifanyia vyombo na vifaa vya kutumia kwa muda. Basi mtu anapovaa sweta asubuhi ya baridi, na ajue kwamba amevaa neema iliyotajwa katika Kitabu, na aseme Alhamdulillahi kabla ya kutoka mlangoni.

Ama katika Hadithi, kiko kisa kilichopokewa na Sahl bin Saad r.a., nacho kimo katika Sahihi Bukhari. Mwanamke mmoja alimletea Mtume s.a.w. nguo ya burda yenye pindo la kufumwa, akamweleza kwamba ameifuma kwa mkono wake mwenyewe ili amvike. Mtume s.a.w. akaipokea hali anaihitaji, kisha akatoka mbele ya watu ameivaa. Mtu mmoja miongoni mwa Masahaba akaisifu na kumwomba ampe, na Mtume s.a.w. akampa. Wenzake walipomlaumu kwa kuomba nguo ambayo Mtume alikuwa na haja nayo, alijibu kwamba hakuitaka ili aivae, bali aliitaka iwe sanda yake. Sahl anasema kwamba ndiyo iliyokuwa sanda yake.

Nguo ile ilifumwa kitandani kama zifumwavyo nguo za mtande, haikufumwa kwa sindano kama sweta. Lakini mafundisho yake ni yale yale. Kwanza, mwanamke yule alimkusudia mtu maalumu tangu alipoanza kazi. Pili, hakuona pindo zuri kuwa ni upuuzi; aliipamba kazi yake kwa kadiri. Tatu, aliyepewa aliivaa, wala hakuiweka sandukuni. Nne, nguo hiyo ilipotoka mikononi mwa mfumaji, ikaenda kwa mtu mwingine na ikawa na kheri ambayo mfumaji hakuiwaza. Wafumaji wote na wayazingatie mambo haya manne.

Kazi ya kufuma kwa sindano mbili wengi hudhani ni kazi ya Kizungu. Ukweli ni kwamba miongoni mwa vipande vya zamani kabisa vya ufumaji wa namna hii vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, za rangi ya buluu na nyeupe, zilizofumwa baina ya karne ya 11 na karne ya 14, katika zama za dola za Kiislamu. Baadaye kazi hii ikaenea Ulaya, na mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, akabuni mashine ya kufumia soksi. Tangu siku hiyo mashine imeendelea kuushinda mkono kwa wepesi na kwa bei. Jambo moja tu haikuliweza: mashine hufuma kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa, wala haijui kwamba kijana fulani bega lake la kulia limeshuka kwa kubeba ndoo tangu utotoni.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa kofia za viua za Unguja na Lamu. Mke anayemtarizia mumewe kofia hupima kwanza mzunguko wa kichwa chake, kisha hutoboa vitundu vidogo vidogo na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Kofia ya dukani humkaa kila mtu kidogo; ile humkaa mwenyewe. Sisi wa nyanda za baridi, mahali pa kofia hiyo tunaweka sweta.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, na tuanze na kipimo, kwa kuwa wengi huanza na rangi, na huko ndiko kuharibu.

Fuma kwanza kipande kidogo cha mraba kwa uzi na sindano zile zile utakazozitumia. Kilaze mezani bila ya kukivuta, kisha hesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za upana, na safu zilizomo katika sentimita 10 za urefu. Tuseme umepata vitanzi 20 na safu 28. Maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya upana yataka vitanzi 2. Sasa mpime mtoto kifua kwa futi ya fundi. Tuseme ni sentimita 60. Ongeza sentimita 8 ili apate nafasi ya kupumua na kuvaa shati ndani, ziwe 68. Upande wa mbele utachukua nusu, yaani sentimita 34, ambazo ni vitanzi 68. Ongeza viwili vya kushonea ubavuni, viwe 70. Upande wa nyuma nao ni hivyo hivyo.

Wako wasemao kwamba kipande hicho cha kujaribia ni kupoteza uzi. Na wapige hesabu. Kama mkono wako umekaza, ukapata vitanzi 22 mahali pa 20, sweta lile lile litapungua zaidi ya sentimita 6 katika mzunguko wake, na nafasi ya kupumua yote itakuwa karibu imekwisha. Vitanzi viwili tu vilivyozidi huweza kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Baada ya kifua, pima urefu na mikono. Hapa tunao ushauri ambao vitabu vya Kizungu vya ufumaji havina. Usimpime mtoto amesimama tu. Mwambie arukuu, kisha asujudu, nawe utazame mgongo wake. Sweta linalomfika kiunoni akiwa amesimama litapanda akisujudu na kuuacha mgongo wazi kwa baridi na kwa macho ya walio nyuma yake katika safu. Liongeze vidole vinne chini ya mshipi, na mambo yatakuwa sawa. Kwa binti, liwe pana la kutosha lisimbane, lipite juu ya gauni bila ya kuchora mwili.

Mikono nayo ina somo lake. Mughira bin Shuuba r.a. amepokea kwamba walipokuwa safarini, Mtume s.a.w. alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba. Alipotaka kutawadha hakuweza kuipandisha, ikabidi aitoe mikono yake kwa chini ya juba ndipo aioshe. Basi mwenye kumfumia Muislamu asisahau kwamba mikono ya sweta hili itapandishwa mpaka juu ya viwiko mara nyingi kwa siku. Ukingo wa mkono ufume kwa vitanzi viwili vya uso na viwili vya mgongo, kwa zamu, ili uvutike na kurudi. Wala usiubane kwa kutafuta urembo. Mtoto anayetaabika kupandisha mikono ya sweta atalowesha mikono hiyo kila sala, na atakaa chuoni amevaa maji.

Jambo la pili ni nakshi. Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba Mtume s.a.w. aliswali katika nguo yenye nakshi, na nakshi zile zikamshughulisha. Alipomaliza akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, na aletewe badala yake nguo nzito isiyo na nakshi. Hatusemi kwamba sweta liwe kama gunia. Hata ile burda ilikuwa na pindo. Tunasema pambo liwe la kadiri: mstari mmoja au miwili kifuani, visanduku, mawimbi, au kamba ya kusokota inayoshuka katikati. Picha za wanyama na watu tuziache, ili mvaaji asipate taabu anapokwenda msikitini. Tena mfumaji akumbuke kwamba nakshi ni kwa ajili ya mvaaji. Wako wanaojaza sweta moja kila ufundi walioujua ili majirani wawasifu wao, na mtoto aliyelivaa hugeuka kuwa ubao wa matangazo.

Jambo la tatu ni uzi. Kondoo wengi wa nchi yetu wana nywele fupi zisizosokoteka vizuri, kwa hiyo sufu ya kweli hutoka mbali na bei yake ni kubwa. Nyuzi nyingi zinazouzwa kwa jina la sufu ni akriliki, uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli. Uzi huu si haramu wala si mbaya. Hutia joto, huoshwa kwa wepesi, na hauliwi na nondo. Lakini una hatari moja ambayo kila mama yapasa aijue: ukikaribia moto huyeyuka na kunata katika ngozi. Sufu ya kweli haishiki moto upesi. Ukitaka kutambua, kata uzi mfupi, uushike kwa koleo nje ya nyumba, uuwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu lisagikalo kwa vidole. Akriliki huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Mtoto aliyevaa akriliki asikae akichochea kuni mafigani, na mpishi aivue kabla ya kuinama motoni.

Kwa sweta la mtoto wa miaka minane au tisa, gramu 250 za uzi wa unene wa kati hutosha. La mtu mzima hutaka gramu 500 hivi. Sindano zake ni namba 8, yaani za milimita 4, na za ukingo ni namba 10, yaani za milimita 3 na robo.

Asiye na uwezo wa kununua uzi mpya asikate tamaa. Tafuta sweta zuri la mtumba, la mtu mnene, lililofumwa kwa uzi wa sufu. Ligeuze ndani uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, liache, kwa kuwa kila safu itakutokea kipande kifupi. Ikiwa pande zake zimeunganishwa bila ya kukatwa, linunue. Fumua mshono kwanza, kisha vuta uzi kutoka juu kushuka chini, ukiuzungushia nyuma ya kiti. Ufunge mahali panne usitatike, uoshe kwa maji vuguvugu pasipo kuusugua, kisha uanike kivulini na jiwe dogo chini yake mpaka mikunjo yake iishe. Utapata uzi mwema kwa bei ndogo, na hapana atakayejua ulitoka wapi.

Na hapa twakumbuka mfano uliotajwa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 92, wa mwanamke aliyeukatakata uzi wake baada ya kuusokota madhubuti. Mfano huo umepigwa kwa watu wanaovunja ahadi na viapo vyao. Anayefumua ili atengeneze upya hayumo katika mfano huo. Lakini anayeanza sweta la mzazi wake kwa ahadi na bashasha, akaliacha nusu juu ya kabati miaka mitatu, na autazame mfano ule vizuri. Mama mzee aliyeambiwa kwamba anafumiwa sweta hulisubiri kila kipupwe, ijapokuwa haulizi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Anza chini kwa sindano nyembamba, fuma ukingo wa sentimita 5 au 6 wa vitanzi viwili vya uso na viwili vya mgongo. Badili ushike sindano nene, uende safu moja ya uso na moja ya mgongo mpaka kwapani. Hapo punguza vitanzi kidogo kidogo pande zote mbili, ili bega likae mahali pake. Shingoni acha nafasi ya kichwa kupita. Watoto wengi huchukia sweta kwa sababu huwabana masikio. Mikono ya mtoto twapendelea ifumwe kutoka begani kushuka kiganjani, ili mwakani atakaporefuka, ufumue ukingo tu na kuongeza sentimita chache. Kwa njia hii sweta moja huweza kumtumikia vipupwe vitatu. Likiisha, lioshe kwa maji yasiyo moto, likamue kwa kulibonyeza ndani ya taulo, likaushe limelazwa kivulini. Sufu ikisuguliwa katika maji moto hujikunja, na sweta la kijana litamfaa mwanasesere.

Sweta kama hilo la mtoto lina vitanzi zaidi ya 20,000. Kila kimoja kimepita mkononi mwa mtu. Mwenye kufuma jioni baada ya Isha, huku akimdhukuru Mola wake na kumwombea atakayelivaa, ameifanya kazi hiyo kuwa ibada bila ya kuongeza hata saa moja.

Sasa tufike katika jambo ambalo ndilo hasa lililotusukuma kuandika. Vazi la mkono ni alama ya mapenzi inayoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo, asiyepewa naye huonekana.

Tulipata kuona katika chuo chetu, kipupwe kimoja kilichopita, watoto watatu wa nyumba moja. Wawili walikuja wamevaa masweta ya kahawia yaliyofumwa vizuri sana, yenye mstari mweupe kifuani. Wa tatu, ambaye ndiye mkubwa wao, ni mtoto wa mke wa kwanza wa baba yao, aliyefariki. Yeye alivaa sweta la mtumba la mtu mzima, mikono imekunjwa mara tatu, na kila alipotawadha mikunjo ilifunguka ikaingia majini. Wenzake walipomuuliza mbona lake si kama la ndugu zake, alicheka akawaambia kwamba la mkubwa lazima liwe kubwa. Yule mtoto hakulalamika kwetu wala kwa mtu mwingine. Mama wa nyumba hiyo ametupa ruhusa kuyaandika haya pasipo kutaja majina.

Hatukumwita wala kumkemea, kwani kumfedhehesha mtu si kumtengeneza. Katika darasa la akina mama, na jioni msikitini kwa akina baba, tuliisoma hadithi ya Nuuman bin Bashir r.a. Baba yake alimpa atia, na mama yake, Amra binti Rawaha, akataka Mtume s.a.w. awe shahidi. Mtume s.a.w. akamuuliza Bashir kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Aliposema hapana, Mtume s.a.w. akamwamrisha amche Mwenyezi Mungu na awe mwadilifu baina ya watoto wake. Na Bashir akairudisha atia yake.

Baada ya siku chache mume na mke wakatujia pamoja. Mama akasema, "Mwalimu, wallahi sikukusudia ubaya. Uzi ulitosha wawili, nikaona yule ni mkubwa, atavumilia."

Tukamwambia, "Twakuamini, mama. Lakini hawa wawili uliwapima kwa futi, na yule ulimpima kwa uvumilivu wake. Mtoto asiye na mama huzoea kuvumilia mapema, na watu wazima huuchukua uvumilivu wake wakaufanya akiba ya nyumba."

Baba alikuwa amenyamaza. Naye tukamkumbusha kwamba katika hadithi ile aliyeulizwa ni baba. Fedha za uzi zilikuwa zake, na mtoto ni wake. Kama uzi ulitosha wawili, ilikuwa juu yake kuuliza wa tatu atavaa nini.

Walikwenda mjini wasipate tena uzi wa kahawia; ulikwisha dukani. Mama huyo akafanya jambo ambalo twaliona ni ufundi wa hali ya juu kuliko kamba zote za kusokota. Alinunua uzi wa kijani kibichi, akamfumia mkubwa sweta lake kwa kipimo chake. Mabaki ya kahawia akayatia katika kingo za mikono na shingo ya sweta hilo la kijani. Kisha akafumua kingo za masweta mawili ya kwanza, akazifuma upya kwa uzi wa kijani, na uzi wa kahawia uliofumuliwa akautilia mstari kifuani mwa lile la mkubwa. Watoto watatu wakawa wamevaa rangi mbili zile zile, hapana wa kuuliza tena yupi ni wa mama yupi. Asubuhi ya kwanza mkubwa aliivuta mikono mpaka juu ya viwiko, akatawadha, akaishusha ikiwa mikavu.

Ndugu wasomaji, si nyumba zote zina watoto wa mama wawili, lakini kila nyumba ina mtu ambaye uvumilivu wake umezoeleka: binti mkubwa, mkwe, bibi mzaa baba, au yatima wa marehemu ndugu. Kabla hujaanzisha vitanzi vya kwanza, wahesabu wote walio chini ya paa lako, na kama uzi hautoshi, anza na yule asiyeomba.

Yamebaki maneno mawili. La kwanza ni kwa wafumaji. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Sweta linalotajwa kila mtoto anapokosa, kwamba macho yaliumia na usingizi ulikosekana kwa ajili yake, huacha kuwa vazi likawa deni. Tena kijana wa miaka 17 muulizeni rangi aipendayo. Msimfumie nakshi za mtoto mchanga kisha mkalia kwamba hana shukrani. Wala kazi hii msiwaachie mabinti peke yao. Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake nyumbani. Basi mvulana akishika sindano hapungukiwi na kitu.

La pili ni kwenu vijana mnaosoma mbali. Mnapoletewa sweta la nyumbani, huenda bega moja limepanda kidogo, na rangi si ile ivaliwayo na wenzenu. Livaeni. Mtume s.a.w. alitoka mbele ya watu amevaa kazi ya mkono wa mwanamke yule, naye ni mbora wa viumbe. Na kama hamwezi kabisa kulivaa nje, livaeni usiku mkisoma, kisha mwandikieni aliyelifuma kwamba joto lake limewafikia.

Na aliyejaaliwa uzi ukabaki, asiutupe. Bibi Zaynab binti Jahsh r.a., mke wa Mtume s.a.w., alijulikana kwa kufanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka kwa kipato hicho. Mabaki ya masweta matatu hufuma la nne kwa mtoto wa jirani asiye na wa kumfumia. Mpime naye vile vile, arukuu na asujudu.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu kwa joto la uadilifu, awarehemu mama zetu waliotufumia na wametangulia, na atuvike sote vazi la ucha Mungu, ambalo ndilo bora. Amin.

Wa billahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.